Fundi Subiri, Aliyengoja Upepo Miaka Thelathini na Mitatu

Ijumaa hii, tarehe thelathini na moja, saa kumi jioni, fundi mkuu wa kitengo cha turubai atarudisha ufunguo wa kabati lake na kustaafu rasmi. Ameitumikia karakana yetu kwa miaka thelathini na mitatu, miezi miwili na siku kadhaa ambazo yeye mwenyewe amekataa zihesabiwe. Aliajiriwa akiwa na umri wa miaka ishirini na saba na kichwa kimejaa nywele. Anaondoka na sitini, na habari za nywele tuziache.

Anayeandika ni mtunza stoo wa vipuri, ambaye nyote mnamwita Mama Stoo. Meneja alinipa kazi hii kwa sababu dirisha langu linatazamana na meza ya mstaafu kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, kwa hiyo, alisema, lazima namjua. Nikachukua kalamu nikazunguka karakana nzima kukusanya habari. Mpaka rangi wetu akaniambia: mpole, hana makuu, na kila kitu kwake ni subiri. Fundi injini akaniambia: mpole, hana makuu, subiri. Mlinzi, aliyemfungulia geti kila asubuhi, alifikiri kwa muda mrefu akanipa maneno hayo hayo. Nikarudi stoo nikaketi. Tuko watu kumi na wanane hapa, na mtu aliyekaa nasi miaka yote hiyo tunamjua kwa maneno matatu. Ilinihuzunisha, na iliniudhi pia, maana hata mimi nilipotaka kuongeza neno la nne nilikwama.

Basi tuanze na kazi, kwa kuwa kazi yake tunaijua.

Kwa wageni watakaosoma kijarida hiki kwenye sherehe: sisi hutengeneza magari-nyumba, yale magari makubwa yenye kitanda, jiko na choo, ambayo wenye nayo husafiri wakilala humo humo. Karibu kila moja lina turubai la kivuli ubavuni. Unabonyeza kitufe, mota inanguruma, turubai linatoka kwenye kasha lake juu ya mlango, na hapo hapo umepata baraza. Adui wa baraza hilo ni upepo. Ukilikuta turubai limekunjuliwa hulibeba, hupinda vyuma vyake, na pengine humwangushia mwenye gari. Ndiyo maana mbele kabisa ya turubai hufungwa kihisi upepo, kidude kisichozidi kiberiti, ambacho kikitikiswa huiambia mota ikunje upesi. Kihisi kikifa, mota huwa kama mtu mwoga: kwa kuwa haipati tena habari za upepo, hudhani mabaya, na kila baada ya nusu saa hulikunja turubai hata kama hakuna jani linalotikisika.

Mteja mmoja, mwalimu wa hesabu, alihama viwanja vitatu vya kambi akiamini majirani wanamchezea na rimoti. Alifika hapa na daftari aliloandika saa na dakika za kila mara turubai lilipojikunja, na majina ya majirani aliowashuku. Mstaafu wetu alilisoma daftari lote, ukurasa kwa ukurasa, bila kucheka. Akampa pole, akapanda ngazi, akafungua skrubu mbili, akaweka kihisi kipya kwa dakika kumi na mbili. Mwalimu akanyoosha mkono apewe ufunguo wake. Akaambiwa asubiri.

Hapo ndipo jina lilipotoka. Mafundi wote duniani wakishafunga kihisi hukitikisa kwa mkono, mota ikiitika husema gari tayari. Fundi Subiri hajawahi kukubali jambo hilo tangu mwaka wake wa tano. Yeye hulikunjua turubai uani, huweka chini yake viti viwili vya kukunja, hukaa kimoja, na hungoja upepo wa kweli uje. Ukija asubuhi, heri. Usipokuja siku mbili, gari halitoki siku mbili. Wateja wamepiga kelele, wengine wamepiga simu kwa meneja, na mmoja, daktari wa meno, alichoka kungoja mpaka akamwambia afungue kinywa. Alikuta jino bovu la nyuma. Juma lililofuata fundi alikwenda kwake kung'olewa, na daktari akamwacha barazani saa tatu nzima kabla ya kumwita.

Meneja aliyepita alijaribu dawa ya kisasa. Alinunua feni kubwa la kusimama, akaagiza kuanzia siku hiyo majaribio yote yafanyike kwa feni na yasizidi saa moja. Fundi Subiri alilipokea kwa adabu, akaliwasha, akakaa mbele yake mchana kutwa akipunga hewa, na jioni akamshukuru meneja kwa kumjali. Turubai lilingoja upepo kama kawaida. Feni bado lipo, ndilo hilo linalokausha rangi.

Msingi wa ukaidi huo wachache wanaujua, na mimi nimeukuta kwenye kadi za kazi za zamani, maana kadi zote huishia stoo. Mwaka wake wa tano alibadilisha kihisi kwenye gari la familia moja, akakitikisa kwa mkono, mota ikaitika, akaandika "sawa". Hakujua kwamba mkono wake ulitikisa kwa nguvu kuliko upepo wowote utakavyotikisa, na kwamba kihisi kilikuwa kizito cha kusikia. Majuma mawili baadaye gari lilirudi. Turubai limepasuka katikati, chuma kimoja kimepinda, na mama mzazi wa mteja amefungwa mkono shingoni. Mteja hakugomba. Aliuliza tu kama kihisi kilijaribiwa, na fundi akajibu kwamba alikitikisa kwa mkono. Nyuma ya kadi hiyo ameandika kwa penseli: "Mkono unajua unachotaka. Upepo haujui."

Turubai lile lililopasuka halikuwa na mtu wa kulishona hapa. Ikabidi aitwe mshonaji wa nje, dada mwembamba mwenye pini mdomoni, aliyeshona siku nne bila kuinua kichwa ila kuuliza ni mjinga gani aliyefanya vile. Mjinga alikuwa amesimama pembeni amemshikia kitambaa. Mwaka uliofuata walioana, naye akaajiriwa, na meza yake ya cherehani ikawekwa mkabala na meza ya mumewe. Wakongwe mnamkumbuka. Tulimwita Bi Sindano, kwa kazi yake na kwa ulimi wake.

Sasa niwaeleze jambo moja la kazi, kwa sababu lililobaki lote limeegemea hapo. Kihisi kipya hakiijui mota yake, lazima vitambulishwe. Kitufe cha mota kipo ndani ya gari, kwenye kabati juu ya mlango. Ukikibonyeza, taa nyekundu huwaka sekunde tano. Katika sekunde hizo tano mtu mwingine, aliye nje juu ya ngazi, hatua nne au tano kutoka hapo, lazima abonyeze kitufe cha kihisi chenyewe. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kazi hii ndiyo ushahidi. Karakana nzima tunamwita yule anayebonyeza ndani ya gari "mtu wa ndani".

Miaka ishirini na mitatu mtu wa ndani alikuwa Bi Sindano. Mumewe akigonga ubavu wa gari mara mbili kwa mpini wa bisibisi, yeye huacha cherehani, hupanda ndani, hungoja agonge tena mara mbili, hubonyeza. Walikuwa hawasemezani neno. Na kwenye kila kadi ya kazi, pale palipoandikwa "Msaidizi", fundi aliandika neno moja tu: Sindano. Ninazo kadi hizo maboksi sita.

Hawakujaliwa watoto. Miaka kumi na miwili iliyopita walinunua gari-nyumba bovu lililokuwa limetelekezwa nyuma ya karakana, kuku wa jirani wakitaga ndani yake, wakaanza kulifufua saa za chakula na Jumamosi. Yeye alishika vyuma na nyaya, mkewe alishika viti, mapazia na turubai. Turubai lile Bi Sindano alilishona kwa vipande vilivyobaki kwenye kazi za wateja, vipande arobaini na kimoja vya rangi tofauti, na ukimuuliza alikuambia kila kimoja ni cha gari gani. Shauri lao lilikuwa fundi akistaafu waondoke, wasafiri mpaka wachoke, kisha wasafiri tena. Kwa kujizoeza, kila mchana walilikunjua pale uani wakala chini yake. Mimi niliwaona kutoka dirishani kwangu. Wakati mwingine walinipungia mkono niende, nikawaambia nina kazi, na kweli nilikuwa nayo, ingawa si kila siku.

Miaka minne iliyopita, mwezi wa mvua, maji yaliingia kwenye kihisi cha turubai hilo na kukiua. Juma lile lile Bi Sindano alilazwa. Fundi alikuja dirishani kwangu, akachukua kihisi kipya, akatia saini, kisha akanirudishia boksi bila kulifungua. Aliniambia nimtunzie, mkewe akitoka hospitali watakuja kulichukua wakifunge wote wawili.

Nililiweka droo ya tatu. Bi Sindano hakutoka.

Tulizika, tukarudi kazini. Kila mwaka wakati wa kuhesabu vipuri ninalikuta boksi lile, ninaandika "kihisi kimoja, cha mwenyewe", ninalirudisha. Hakulidai, nami sikumkumbusha. Gari lake likabaki uani na turubai limekunjwa, maana asingethubutu kulikunjua bila kihisi. Upepo mmoja tu ungetosha kuichana kazi ya mwisho ya mkewe. Mganga hajigangi, tulisema, tukadhani tumesema jambo la maana. Mtu aliyebadilisha vihisi vya nusu ya magari-nyumba yanayopita barabara hizi alikuwa anakula chakula chake amesimama kando ya meza, anatazama ukuta, anamaliza, anafuta spana zilizokwisha kufutwa. Viti viwili aliviweka bado chini ya kila turubai la mteja. Kile cha pili hakuna aliyekikalia. Sote tulidhani ni cha mteja, na wateja walidhani kina mwenyewe.

Na kwenye kadi, mahali pa "Msaidizi", alianza kuchora mstari. Alikuwa akimshika yeyote anayepita, mpaka rangi, mfagizi, hata mteja mwenyewe, anamwambia "Haya, bonyeza", kisha kwenye kadi anachora mstari mfupi kana kwamba hapakuwa na mtu. Fundi injini aliwahi kununa kwa hilo. Mimi sikununa kwa hilo, nilinuna kwa jingine.

Nitalisema hapa kwa kuwa ukurasa ni wangu. Mwezi wa pili baada ya mazishi nilitoka stoo, nikamfuata, nikamwambia boksi lipo na mimi nina dakika tano, nimsaidie. Alinijibu bila kunitazama kwamba hiyo si kazi ya stoo. Ni kweli si kazi ya stoo. Lakini mimi hasira zangu huja polepole na zikija zinahamia na mizigo yote. Kwa karibu miaka minne nilimpa vipuri na salamu, basi. Asubuhi "habari za kazi", jioni "tutaonana kesho". Tulikuwa watu wawili tunaokula peke yetu hatua kumi na mbili kutoka mmoja kwa mwingine, nimezipima. Nyumbani kwangu watoto wamekwishaondoka na ninachosikia jioni ni friji. Sikuona kwamba kwake ni hivyo hivyo. Au niliona, nikasema akome.

Tufike kwenye juma hili. Jumanne, saa nne asubuhi, mstaafu alikuja dirishani akasema neno moja, "Droo." Nikampa boksi. Lilikuwa na vumbi nikalifuta kwanza kwa kanga yangu, nisiulizwe kwa nini. Akaenda nalo uani, akaweka ngazi, akatoa kihisi kilichokufa, kimeota kutu ya kijani, akafunga kipya. Mpaka hapo mtu mmoja anatosha.

Kisha nikamwona anajaribu sehemu ya pili. Aliingia ndani, akabonyeza, akatoka mbio kuelekea ngazini. Miaka sitini, goti la kushoto lililokwisha kutengenezwa mara moja, sekunde tano. Alifika kwenye daraja la kwanza la ngazi taa ikazimika. Akarudi. Mara ya pili alifunga fimbo ya ufagio kwenye kitufe cha ndani kwa kamba, akaivuta kutoka nje. Kamba ikakatika, fimbo ikamwangukia kichwani. Mara ya tatu akakimbia tena, akateleza, akakaa chini kwenye changarawe. Mimi nilikuwa nimesimama dirishani nimekunja mikono. Nilisema moyoni, kama si kazi ya stoo, basi si kazi ya stoo. Lakini alipoketi pale chini hakuinuka haraka, na hakuna aliyemwona ila mimi, nikaona haya.

Kabla sijaamua la kufanya alikuja mwenyewe, suruali imejaa vumbi. Alisimama dirishani muda mrefu kuliko anavyohitaji mtu anayeomba skrubu. Alisema, "Siku ile nilikujibu vibaya. Naomba mtu wa ndani."

Katika miaka kumi na tisa hilo ndilo ombi lake la kwanza ambalo halikuwa na namba ya kipuri. Nikafunga dirisha la stoo saa za kazi, jambo ambalo meneja atalisoma hapa kwa mara ya kwanza, nikaenda.

Ndani ya gari lile hakuna kilichosogezwa. Miwani ya Bi Sindano ipo juu ya kitabu, kastabini yake ipo kwenye kisahani cha chai. Kwenye kabati juu ya mlango, kando ya kitufe, kuna kipande cha plasta alichokibandika mwenyewe na kuandika kwa kalamu ya wino: "Mpaka agonge mbili. Usiwe na pupa." Nilijua ananiambia mimi, ingawa alikiandika nikiwa sipo kabisa. Nikaweka kidole nikangoja. Kupitia dirishani niliona miguu yake juu ya ngazi. Haikutikisika. Nilingoja sana, chai ingechemka na kupoa. Halafu nikasikia bisibisi ikigonga ubavu, mara moja, na baada ya kitambo, mara ya pili. Nikabonyeza. Taa ikawaka nyekundu, ikageuka kijani. Nilikaa mule ndani kidogo kabla ya kushuka, ili kila mmoja apate nafasi ya kufuta uso wake.

Kazi yoyote ya mtu mwingine ingeishia hapo. Yeye alilikunjua turubai la vipande arobaini na kimoja kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne, akaweka viti viwili chini yake, akakaa kungoja upepo.

Nilimsihi. Nilimwambia asilijaribu turubai hili, hili si la mteja, kihisi kikiwa na kasoro litachanika na hakuna wa kulishona. Atikise kwa mkono mara moja tu, akunje, aende zake salama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema ndiyo maana. Kama hakiwezi kulilinda hapa, mbele ya macho yake, hakitalilinda huko aendako akiwa amelala. Kisha akakisogeza kiti cha pili, kidogo tu, kama inchi mbili, kunielekea. Nikakaa.

Jumanne upepo haukuja, wala Jumatano. Saa za chakula nilihamishia bakuli langu pale. Alinionyesha vipande: hiki cha kijani ni cha daktari wa meno, hiki cha mistari ni cha mwalimu wa hesabu, hiki cha kahawia ni cha gari lile la mwaka wa tano, Bi Sindano alikiweka katikati makusudi ili mumewe akiinua macho akione. Mpaka rangi alipita akasimama, akatafuta rangi aliyoifahamu, akaipata, akaenda kumwita fundi injini. Niligundua kwamba mtu huyu anasema. Anasema polepole, anaruka kutoka jambo hadi jambo, lakini anasema, na ana utani mkavu ambao ungenifaa sana kwa miaka kumi na tisa. Aliniuliza kuhusu watoto wangu akiwataja kwa majina ya utotoni. Kumbe alikuwa akisikia kila nilichozungumza kwa simu pale dirishani.

Hajasema anakwenda wapi. Alisema ataondoka Jumamosi, kama upepo utakuwa umekuja. Kama haujaja, ataendelea kungoja. Nakiri mbele ya watu kumi na saba wengine kwamba Jumatano jioni, nikikunja kiti kile, niliomba usije.

Ulikuja jana Alhamisi, saa tisa na dakika ishirini mchana. Kwanza karatasi moja ilitembea uani, kisha mlango wa chumba cha rangi ukajipiga. Turubai likaanza kutetemeka kwenye ncha. Rimoti ilikuwa mezani kati yetu, kitufe kimoja na lingekunjwa. Nilimwona anaitazama. Kisha akachukua mikono yake miwili akaikalia, kama mtoto aliyekatazwa. Upepo ukaongezeka, turubai likajaa, vyuma vikalia, na mshono wa katikati, ule wa kipande cha kahawia, ukavutika mpaka nikaona tundu za sindano. Nikapiga kelele, "Kunja! Litachanika!"

"Subiri," akasema. Alikuwa amefumba macho.

Mota ikanguruma. Turubai likarudi taratibu ndani ya kasha lake, kipande kwa kipande, kijani, mistari, kahawia, mpaka boriti ya mbele ikagota. Hakuna uzi uliokatika. Tukabaki tumekaa juani kwenye viti vyetu, vumbi likitupiga, na mzee huyu mpole asiye na makuu akalia kwa sauti. Nilimwacha alie. Sikuwa na kazi nyingine ya kufanya mchana ule.

Alipomaliza alijipangusa akaenda mezani kwake kujaza kadi, maana hata gari lake mwenyewe lina kadi. Aliileta stoo yeye mwenyewe, akaipitisha dirishani, akaondoka bila kusimama. Ninayo hapa ninapoandika. Kazi: kubadilisha kihisi upepo. Jaribio: upepo. Hali: sawa. Msaidizi: Mama Stoo.

Meneja alitaka ukurasa huu Jumatatu, na anaupata Ijumaa asubuhi. Aniwie radhi. Nilikuwa sina la nne la kuandika, na sasa ninayo mengi kuliko nafasi iliyobaki.

Fundi Subiri, kwa niaba ya karakana yote tunakushukuru kwa magari uliyoyachelewesha na kwa watu ambao hawakuumia kwa sababu uliyachelewesha. Tunakuombea afya, barabara nzuri, goti linalotii na siku nyingi za amani mbele yako. Viti viwili vyote viende nawe, usikiache kimoja uani kwa kunihurumia.

Na kihisi hiki nacho kitakufa siku moja, maana vyote hufa. Ikifika siku hiyo usikimbie na ngazi peke yako. Simu ya stoo ni ile ile. Niambie ulipo, nitapanda basi nije. Nitakaa ndani, na sitabonyeza mpaka ugonge mbili.